Mtutu Uliokatwa: Rivolva za Colt na Swali la Shabaha Katika Jeshi la Marekani, 1847–1911

Insha hii ilianza kwa ubishi. Katika semina ya historia ya vita, tukijadili jinsi Marekani ilivyojitanua kuelekea magharibi, nilisema kwamba askari wa farasi walipewa rivolva yenye mtutu mrefu kwa sababu mtutu mrefu hupiga shabaha vizuri zaidi, na kwamba jeshi lilipoikata mitutu hiyo miaka ishirini baadaye liliziharibu silaha zake kwa mikono yake lenyewe. Nililisema kama jambo ambalo kila mtu analijua. Mhadhiri wetu hakunipinga. Aliniuliza swali moja tu: "Umelijua kutoka wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa mbele ya wenzangu, ingawa jibu nililijua. Nililijua kutoka vibanda vya video vya Mbale nilipokuwa mtoto, ambako filamu za kauboi zilionyeshwa huku VJ akizitafsiri kwa Kiganda na kuongeza maneno yake mwenyewe. Katika filamu hizo mwema huchomoa bastola ndefu, mwovu huwa na kibastola kifupi alichokificha kwenye mkono wa koti, na wa bastola fupi hukosa. Nilikuwa nimeibeba elimu hiyo hadi chuo kikuu bila kuikagua.

Basi nimejaribu kuikagua. Swali langu ni hili: mtutu wa rivolva unapofupishwa, shabaha inapotea kiasi gani, na waliozifupisha rivolva zao katika karne ya 19 walijua wanachokifanya? Nimechagua rivolva za Colt kwa sababu kwazo tuna kitu ambacho ni nadra katika historia ya silaha: silaha zile zile zilitumika kwanza zikiwa ndefu, kisha zikatumika zikiwa fupi, na jeshi lile lile.

Tuanze na urefu wenyewe. Mwaka 1847 kampuni ya Samuel Colt ilitengeneza rivolva iliyopewa jina la Kapteni Walker kwa ajili ya vita vya Marekani na Meksiko. Mtutu wake ulikuwa na inchi 9 na silaha nzima ilikaribia uzito wa kilo mbili. Hakuna aliyeivaa kiunoni kwa raha. Mahali pake palikuwa kwenye tandiko la farasi. Rivolva ya jeshi ya mwaka 1860, iliyotumika sana katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ilikuwa na mtutu wa inchi 8 na ilivaliwa kiunoni. Mwaka 1873 jeshi lilichagua ile iliyokuja kuwa maarufu kuliko zote, Single Action Army, yenye risasi ya kipenyo cha inchi 0.45, silinda ya matundu sita, na mtutu wa inchi 7.5, yaani sentimita 19. Kati ya mwaka huo na 1891 jeshi lilinunua zaidi ya 30,000. Raia nao hawakuchelewa kuuziwa toleo la inchi 5.5 na lile la inchi 4.75.

Ukiipanga miaka hiyo hivi, utaona jambo ambalo sikuliona siku ile darasani. Mtutu ulikuwa unapungua kwa miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuchukua msumeno. Kutoka 9 hadi 8, kutoka 8 hadi 7.5. Urefu wa mwaka 1873 ulikuwa kituo tu katika safari iliyoanza wakati bastola iliposhuka kutoka kwenye tandiko kuja kiunoni mwa mtu. Kwa hiyo kusema kwamba inchi 7.5 ndizo zilikuwa kipimo sahihi kilichopatikana kwa hesabu za shabaha ni kuipa historia mpango ambao haikuwa nao.

Hata hivyo mtutu mrefu una faida, na lazima tuzitaje kwa haki. Ndani ya mtutu kuna mifuo iliyochongwa kwa msokoto, ambayo huishika risasi na kuizungusha ili isipinduke hewani. Watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, hudhani kwamba risasi inahitaji kusafiri mbali ndani ya mtutu ili "ishike" mzunguko wake, na kwamba ukikata mtutu risasi inatoka ikiwa haijazunguka vya kutosha. Hesabu inalikataa wazo hili. Mifuo ya Colt hiyo ilisokotwa kwa kiwango cha mzunguko mmoja katika inchi 16. Maana yake ni kwamba hata katika mtutu mrefu wa inchi 7.5 risasi haikumaliza nusu ya mzunguko kabla ya kutoka. Katika mtutu wa inchi 5.5 ilizunguka kama theluthi moja hivi. Lakini kinachoituliza risasi hewani ni idadi ya mizunguko yake kwa kila sekunde baada ya kutoka, na hiyo inategemea ukali wa msokoto pamoja na kasi ya risasi. Tuseme risasi inatoka kwa mita 250 kwa sekunde: itakuwa inazunguka kama mara 615 kwa sekunde. Ikitoka kwa mita 230 itazunguka kama mara 566. Tofauti ipo, lakini risasi nzito na fupi kama ile ya Colt haiyumbi kwa upungufu huo.

Kasi yenyewe hupungua kwa sababu gesi ya baruti inapata nafasi fupi zaidi ya kuisukuma risasi. Hili ni kweli, na kwa baruti nyeusi ya wakati ule lilikuwa na uzito wake. Lakini tuulize: kasi ikipungua, risasi inashuka kiasi gani zaidi kabla ya kufika? Nikitumia tena mita 250 na mita 230 kwa sekunde kama mfano, kwenye umbali wa mita 25 risasi ya kwanza inashuka kama sentimita 5 na ya pili kama sentimita 6. Kwenye mita 50 inakuwa kama sentimita 20 dhidi ya 23. Mtu aliyeizoea bastola yake hurekebisha tofauti hiyo bila hata kufikiri. Tena kushuka si kutawanyika. Risasi zote zikishuka kwa kiasi kile kile, bado zinakusanyika mahali pamoja, na kukusanyika huko ndiko hasa tunakokuita usahihi wa silaha.

Ndiyo maana rivolva fupi iliyotengenezwa vizuri, ikifungwa kwenye mashine isiyotikisika na kufyatuliwa, huweka risasi zake karibu karibu sawa na ndefu. Chuma hakijasahau kazi yake. Hapa ndipo nilipolazimika kutenganisha mambo mawili niliyokuwa nimeyafanya moja: usahihi wa bastola na usahihi wa mtu aliyeishika.

Mtu hulenga kwa kupanga vitu viwili kwenye mstari mmoja. Kwenye Colt ya 1873, cha nyuma kilikuwa mfuo mdogo uliochongwa juu ya fremu, na cha mbele kilikuwa kinundu chembamba kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu. Umbali kati ya mfuo na kinundu ndio kipimo cha jicho. Katika bastola ya mtutu wa inchi 7.5 umbali huo ulikuwa kama sentimita 21, kwa sababu mstari hupita pia juu ya silinda. Ukikata inchi mbili, unabaki na kama sentimita 16. Sasa tuseme mkono umetetemeka na kinundu kimekaa milimita moja pembeni ya mahali kinapostahili. Kwenye mita 25 mwenye bastola ndefu atakosa kwa sentimita 12 hivi. Mwenye iliyokatwa atakosa kwa sentimita 15 na nusu. Na mwenye bastola ya mtutu wa inchi mbili, ambaye umbali wake wa kulengea ni kama sentimita 10, atakosa kwa sentimita 25. Mkono ni ule ule, na mtetemo ni ule ule wa milimita moja.

Sikutaka kulikubali hili kwa hesabu peke yake, kwa hiyo nililijaribu bila bastola. Nilichukua vipande viwili vya ubao, kimoja nikakipigilia misumari miwili iliyoachana sentimita 20, kingine misumari iliyoachana sentimita 10. Niliuweka ubao juu ya vitabu mwisho wa ukumbi wa bweni, na mwenzangu akasimama ukutani upande wa pili na karatasi na kalamu. Nilimwelekeza kwa sauti, kushoto, kulia, juu kidogo, hadi ncha ya kalamu ilipokaa sawa na misumari yote miwili, naye akaweka nukta. Kisha nikafumba macho, nikayafumbua, tukaanza upya, mara kumi kwa kila ubao. Nukta za ubao mfupi zilitawanyika zaidi kwa kiasi ambacho hakikuhitaji rula kukiona. Wenzetu waliokuwa wakipita walituuliza kama tumeanza useremala.

Kwa maneno mengine, kukata mtutu hakuondoi uwezo wa bastola bali huongeza adhabu ya kila kosa la mpigaji. Swali la kihistoria linakuwa: je, watu wa wakati ule walilijua hili? Nimepata shahidi mmoja ninayemwona kuwa bora kuliko wote, na si mhandisi.

Bat Masterson alikuwa sherifu wa kaunti ya Ford, Kansas, mwishoni mwa miaka ya 1870, na baadaye akawa mwandishi wa habari za michezo huko New York. Tarehe 24 Julai 1885, akiwa Dodge City, aliandika barua kwa kampuni ya Colt akiagiza bastola. Barua hiyo imehifadhiwa na imechapishwa mara nyingi. Alitaka rivolva ya .45, iliyopakwa nikeli, yenye kifyatulio chepesi. Kuhusu mtutu, aliomba uwe na urefu karibu sawa na ule wa kijiti cha kutolea maganda kilichoko chini yake, na kwa bastola hii hiyo ni kama inchi 4.75. Halafu akaongeza ombi ambalo msomaji wa haraka hulipita: kinundu cha mbele kiwe kirefu kidogo kwenda juu na kinene kuliko cha kawaida.

Ombi hilo limenifundisha zaidi ya vitabu vya hesabu. Mtu huyu aliishi katika kazi ambayo bastola inaweza kuhitajika ghafla, na alichagua mtutu mfupi kuliko yote iliyokuwa ikiuzwa kwa kawaida. Lakini hakuuchagua kama mtu asiyejali shabaha. Alijua anachopoteza kiko wapi, yaani kwenye mstari wa jicho, na akaomba fidia yake pale pale: alama nene, inayoonekana upesi, kwenye mwanga hafifu wa ndani ya baa au jioni barabarani. Kwa kujua kwake, tatizo la bastola fupi lilikuwa la kuonekana, na dawa yake ikawa ya kuonekana. Sijui kama aliwahi kuona hesabu ya pembetatu maishani mwake, lakini barua yake inaonyesha kwamba aliielewa.

Wapo waliofanya hivyo kabla yake. Jeshi lilikuwa limenunua pia rivolva za Smith & Wesson zilizoboreshwa na Meja George Schofield, zenye mtutu wa inchi 7. Zilipouzwa kama ziada, kampuni ya usafirishaji ya Wells Fargo ilichukua baadhi yake na kuziacha na mtutu wa inchi 5 kwa ajili ya walinzi wake. Mlinzi aliyekaa kwenye gari la kukokotwa na farasi au ndani ya behewa la treni hakuwa na nafasi ya kuchomoa kitu kirefu, na jambazi aliyemtarajia hangekuwa mbali.

Sasa turudi kwa jeshi. Mwaka 1892 Jeshi la Marekani lilichukua rivolva mpya ya Colt ya risasi ya .38, yenye mtutu wa inchi 6. Ilikuwa ya kisasa: kubonyeza kifyatulio peke yake kulizungusha silinda, kukainua nyundo na kufyatua. Colt za 1873 zikarudishwa maghalani. Kuanzia mwaka 1895, maelfu ya hizo za zamani zilitolewa, zikafunguliwa, zikasafishwa, na mitutu yake ikakatwa kutoka inchi 7.5 hadi 5.5. Kazi hiyo ilifanyika katika karakana ya jeshi ya Springfield, Massachusetts, na katika kiwanda cha Colt. Wa kwanza kupewa walikuwa askari wa mizinga myepesi, na kwa sababu hiyo wakusanyaji wa silaha huziita hadi leo "modeli ya mizinga".

Askari wa mizinga hampigi adui kwa bastola kutoka mita 100. Kwa hilo ana mzinga. Bastola yake ni ya dakika ile mbaya ambayo adui amefika hadi kwenye magurudumu ya mzinga, wakati yeye anahangaika na farasi, kamba na makombora. Kwake inchi mbili za chuma zinazogonga paja na kunasa kwenye hatamu ni kero ya kila siku, na usahihi wa mita 50 ni faida ambayo huenda asiihitaji kamwe. Aliyeamua kukata hakuwa mjinga. Aliangalia bastola itatumika kwa umbali gani.

Kazi ilifanyika kwa haraka ya kikarakana. Bastola zilifunguliwa kwa mafungu na kuunganishwa tena bila kujali kipande kipi kilitoka wapi, kwa hiyo nyingi zina namba zisizolingana: fremu ina namba moja, mtutu nyingine, silinda nyingine. Kwa mwanahistoria hii ni hasara kubwa. Baadhi ya Colt za miaka ya mwanzo zilikuwa zimegawiwa Kikosi cha 7 cha Farasi kabla ya vita vya Little Bighorn vya Juni 1876, ambako Custer na watu wake waliangamizwa na Walakota na Wacheyenne. Zilizobaki katika mikono ya jeshi ziliingia kwenye masanduku yale yale na kutoka zikiwa zimechanganyika. Ndiyo sababu Colt ya askari wa farasi ambayo bado ina inchi zake zote 7.5 ni adimu na ya bei kubwa leo. Ushahidi ulikatwa pamoja na mtutu.

Mtihani wa kweli wa zile zilizokatwa ulikuja mbali sana na Kansas. Vita vilipozuka Ufilipino mwaka 1899, na kisha mapigano dhidi ya Wamoro, Waislamu wa visiwa vya kusini, askari wa Marekani walianza kulalamika juu ya bastola zao mpya. Hapa ndipo nilitarajia kukuta malalamiko ya shabaha, na ningekuwa nimeshinda ubishi wangu. Sikuyakuta. Lalamiko lilikuwa kwamba risasi za .38 ziliingia mwilini na mtu akaendelea kuja na panga lake. Louis LaGarde, daktari wa jeshi, alieleza kisa cha mfungwa mmoja kisiwani Samar, mwaka 1905, aliyepigwa risasi nne za aina hiyo kwa karibu akijaribu kutoroka na bado akapambana hadi alipoangushwa kwa kitako cha bunduki. Jeshi lilizitoa tena ghalani zile .45 za zamani, zikiwemo zilizokatwa, na kuzipeleka Ufilipino.

Tazama walichobadilishana. Waliiacha bastola ya inchi 6 wakaichukua ya inchi 5.5, ambayo ni nzito, ya mtindo wa miaka ishirini na zaidi nyuma, inayohitaji kuvutwa nyundo kwa dole gumba kila mara. Na waliifurahia. Mapigano yenyewe yalikuwa ya hatua chache, katika nyasi ndefu na njia za msituni, na kwenye hatua chache kosa la milimita moja kwenye kinundu halimwokoi anayelengwa. Kwenye mita 5 hesabu yangu ya awali inatoa sentimita 2.4 kwa bastola ndefu na sentimita 3.1 kwa iliyokatwa. Ninaandika haya nikikumbuka pia kwamba waliolengwa walikuwa watu wanaotetea visiwa vyao, na kwamba "mafanikio" ya risasi nene ni lugha ya ripoti za upande mmoja.

Mwaka 1904 Kapteni John Thompson na Meja LaGarde walifanya majaribio Chicago, kwenye mazizi ya machinjio, wakiwapiga risasi ng'ombe hai, na pia wakaipima nguvu ya risasi kwa miili ya wafu. Yanachukiza kuyasoma. Hitimisho lao lilikuwa la kipenyo: bastola ya jeshi isiwe chini ya .45. Mwaka 1911 jeshi likachukua bastola ya John Browning yenye risasi ya .45, ambayo si rivolva tena, na mtutu wake una inchi 5. Hizo 5 nazo ni za kuhesabu kwa tahadhari. Katika rivolva urefu wa mtutu hauhesabu silinda, lakini katika bastola ya Browning tundu la risasi ni sehemu ya mtutu. Kwa hiyo mifuo inayoishika risasi ni mifupi hata kuliko ya ile iliyokatwa Springfield. Jeshi halikurudi tena kwenye inchi 7.5.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba kufupisha hakuna mwisho wake. Kuna mahali ambapo hasara inakuwa ya kweli, nami naona mahali hapo ni karibu na inchi mbili. Mwaka 1927 Colt ilileta Detective Special, rivolva ya .38 Special yenye mtutu wa inchi 2. Kabla yake, mfanyakazi wa kampuni hiyo aitwaye J. Henry FitzGerald alikuwa akiwakatia watu rivolva kubwa hadi kufikia urefu huo, na hata kuiondoa sehemu ya mbele ya kizuizi kinachokinga kifyatulio, jambo ambalo wengi leo huliona kuwa la hatari. Katika bastola fupi namna hiyo mambo kadhaa hujikusanya kwa mpigo mmoja. Sehemu ya baruti inawaka nje, ikitoa mwako mkubwa unaopofusha gizani. Uzito wa mbele unaotuliza mkono umekwisha, na bastola inaruka zaidi. Mpini huwa mdogo kwa vidole. Umbali wa kulengea ni nusu. Mtu mwenye mazoezi ya miaka bado anaweza kupiga vizuri nayo; mtu wa kawaida hawezi, na kosa huwa lake, ingawa atailaumu bastola.

Kuna pia tofauti kati ya kufupisha na kukata ovyo. Mdomo wa mtutu ni mahali pa mwisho kuigusa risasi. Usipokuwa sawa pande zote, gesi hutoka upande mmoja kabla ya mwingine na kuisukuma risasi pembeni. Nadhani sehemu ya sifa mbaya ya bastola zilizokatwa ilitokana na za namna hii, zilizokatwa na watu wasio mafundi. Ukiikata mwenyewe, kinundu cha mbele nacho kinaondoka na kipande kilichoanguka, na bastola isiyo na alama ya mbele hailengwi bali inaelekezwa tu. Springfield walikirudisha kila kinundu mahali pake.

Lakini jambo ambalo mtutu mfupi ulilibadilisha zaidi kuliko shabaha ni nani anaweza kumkaribia nani. Tarehe 2 Julai 1881, katika kituo cha reli cha Washington, Charles Guiteau alimpiga Rais James Garfield kwa nyuma kwa rivolva fupi ya aina ya Bulldog. Alifyatua mara mbili kutoka hatua chache. Risasi moja ilimparuza mkono, nyingine ikaingia mgongoni. Rais alifariki Septemba 19, na madaktari waliochokonoa kidonda kwa vidole visivyooshwa walichangia sana. Tarehe 6 Septemba 1901, huko Buffalo, Leon Czolgosz alipanga foleni kumpa mkono Rais William McKinley, rivolva ndogo ya .32 ikiwa imefunikwa kwa leso mkononi. McKinley alifariki siku nane baadaye. Hakuna kati ya wawili hao aliyehitaji kuwa mlengaji. Fikiria Czolgosz akijaribu kuifunika Colt ya askari wa farasi kwa leso. Tukipima bastola hizi kwa usahihi wa mita 25 peke yake, tutasema zilikuwa mbovu, na tutakuwa hatujaeleza lolote kuhusu vifo vya marais wawili.

Imebaki deni moja, la swali la mhadhiri. Imani yangu ilitoka kwenye filamu. Filamu zilitoa wapi? Nimeifuata njia hiyo hadi mwaka 1931, Stuart Lake alipochapisha kitabu cha maisha ya Wyatt Earp. Ndani yake alidai kwamba mwandishi wa hadithi Ned Buntline aliwazawadia Earp, Masterson na wenzao watatu Colt zenye mtutu wa inchi 12, kwa shukrani, mwaka 1876. Ni kweli kwamba Colt ilionyesha bastola za mitutu mirefu sana kwenye maonyesho ya Philadelphia mwaka huo na kuuza chache. Lakini watafiti waliopekua kumbukumbu za kiwanda hawakuona oda ya Buntline, na yule Masterson anayedaiwa kupewa inchi 12 ndiye aliyeandika kwa mkono wake kuomba inchi 4.75. Tuna hadithi ya baada ya miaka 55, na tuna barua ya siku yenyewe.

Hadithi ndiyo iliyoshinda. Kuanzia 1955 televisheni ya Marekani ilionyesha mfululizo wa maisha ya Wyatt Earp, shujaa akiwa na mtutu huo mrefu kiunoni, na mwaka 1957 kampuni ya Colt ikaanza kutengeneza na kuuza bastola ya inchi 12 iliyoitwa Buntline Special kwa wanunuzi walioiona kwenye skrini. Kwa jinsi ninavyoikumbuka, ndiyo ile niliyoiona Mbale.